Jina Kwenye Filamu ya Jasusi

Sabah aliuona mkono kwanza. Mgeni aliyejiita mfanyabiashara wa Mombasa aliupeleka hadi katikati ya sinia la pilau, akanyakua nyama kabla mzee wa karamu hajaigawa kama ilivyo desturi. "Huyu hakulelewa kwenye sinia," aliwaza Sabah, akipitisha maji ya kunawa.

Miaka hiyo Kampala ilitawaliwa na wanajeshi, na watu walipima maneno. Sabah, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyeishia darasa la nne, alizoea kunyamaza. Lakini jioni, akipepeta mchele uani kwao Nateete, alimsimulia binamu yake Dawudi kisa alichokitunga: jasusi aliyejifanya mtu wa pwani, akanaswa kwa ulaji wake. Dawudi alikiandika chote, akampelekea Mwalimu Wanyama, aliyekuwa akipiga filamu fupi na vijana wa mtaa.

Filamu ilipokamilika, kibao cha majina kilipakwa rangi: MTUNZI: DAWUDI.

"Na mimi je?" Sabah aliuliza.

"Wewe ulishika ungo, mimi nilishika kalamu," Dawudi alicheka. "Tangu lini darasa la nne likatunga filamu?"

"Kalamu yako ilikuwa ikinisubiri niseme!"

"Haya, kamshtakie mwalimu."

Asubuhi yake Sabah alijitanda mtandio wake, akaenda kwenye ukumbi wa kuonyeshea filamu kudai haki yake kwa mwalimu. Mlangoni alisita. Ofisa wa jeshi alikuwa ndani, mbele ya mwalimu na Dawudi. Bila ruhusa yake, filamu isingeonyeshwa.

"Nani ametunga mambo haya ya majasusi?" alifoka. "Nani kamfundisha?"

"Mimi... mimi niliandika tu, afande," Dawudi alibabaika.

"Sikuuliza nani ameandika!"

Dawudi aliinamisha kichwa. Hakuna aliyekuwa amemwona Sabah. Angeweza kurudi nyumbani. Lakini kazi aliyoidai jana bado ilikuwa yake leo. Akaingia.

"Nimetunga mimi, afande. Sikufundishwa. Nilimwona mgeni karamuni akinyakua nyama ya katikati, kabla ya mzee."

Ofisa alimkazia macho. "Kabla ya mzee?"

"Ndiyo, afande."

"Lo! Huyo hata mimi ningemkamata!" Akaangua kicheko, akagonga muhuri wa ruhusa, akaenda zake.

Dawudi alimgeukia Sabah. "Nisamehe, dada. Jana nililipigania jina, leo nimelikimbia."

"Umesema kweli," alisema Mwalimu Wanyama. "Anayetaka sifa ya kazi awe tayari kuijibia. Jasho la mwenzako halifutiki kwa rangi. Nawe Sabah, ukiinyamazia haki yako, unamzoesha mwenzako kuichukua."

Akachovya brashi. "Sasa tuandikeje?"

"Mwandishi awe Dawudi, maana aliandika kweli," alisema Sabah. "Juu yake weka: Hadithi imetungwa na Sabah binti Habib."

"Kwa herufi ndogo?" Dawudi alimtania, akijua haya zake.

Sabah aliinua uso.

"Kubwa," alisema. "Nataka kila mtu alisome jina langu."