Hukuwa Mke Siku ya Bomu

Sheria haikumtambua Lorene. Bomu lililipuka hotelini ng'ambo, likampofusha mchumba wake, Dwight Pruitt, na kumkata mguu wa kulia. Lakini kwenye kesi ya kuishtaki serikali iliyowafadhili walipuaji, jina la Lorene halikukubaliwa. Mke angeweza kudai kwa uchungu alioupata. Mchumba hakuwa na haki hiyo.

"Miaka tisa tumelala kitanda kimoja," Lorene alimwambia wakili. "Mji mzima wa Hopkinsville unaniita mke wa Pruitt."

"Hopkinsville siyo hakimu, mama," wakili Hadley akajibu. "Hapa Kentucky kukaa pamoja tu siyo ndoa. Kinachotazamwa ni siku ya bomu. Siku ile hukuwa mke."

Dwight alikaa kwenye kiti cha magurudumu, miwani nyeusi usoni.

"Mchungaji wetu yuko tayari kuapa kwamba alitufungisha ndoa kabla ya bomu," alisema.

"Akiapa, hakimu ataagiza rekodi zote za Lorene. Kuna chochote nitakachokuta humo, mama?"

Lorene akainamisha kichwa.

"Mwambie hakuna," Dwight alisema.

Dwight akageuza uso upande wake.

"Lorene?"

"Kila mwaka nasaini kwamba sijaolewa tena."

"Unasaini kwa ajili ya nini?" Dwight aliuliza.

"Pensheni ya Clay."

Clay alikuwa mume wake wa kwanza, askari aliyefia vitani.

"Mjane wa askari akiolewa kabla ya miaka hamsini na mitano, wanaikata," Lorene akaendelea. "Mimi nina arobaini na tisa."

Dwight alivua miwani, akaifuta, ingawa haikumsaidia kitu.

"Kila Krismasi nilikuomba nikuoe. Ukaniambia moyo wako bado uko kwa Clay."

"Nilikudanganya. Ile pesa ilikuwa inamsomesha Tessa. Wewe ungenikataza kusaini hivyo huku tunaishi kama mke na mume, halafu mwanangu angekosa ada."

"Kwa hiyo miaka tisa nimemwonea wivu maiti, bure."

"Dwight, mpenzi..."

"Unadhani kazi ya ng'ambo niliifuatia nini? Mshahara? Nilikuwa nakukimbia wewe. Nilichoka kulala watatu kitandani."

Wakili alisimama, akatoka nje bila kuaga.

Jioni hiyo Dwight alihamia mji wa Paducah kwa dada yake, Arlene. Lorene akipiga simu, haipokelewi. Wiki ya pili akatuma ujumbe, akijua Arlene ndiye atakayeusoma:

"Nioe. Mahakamani sitapata kitu, na pensheni itakatwa. Najua yote hayo. Nioe tu."

Kesho yake simu yake iliita.

"Arlene amenisomea," Dwight alisema. "Kanisomea kwa sauti ya mhubiri, nusura nicheke."

"Ulicheka?"

"Hapana. Tukioana sasa, mahakama itakuhesabu?"

"Haitanihesabu."

"Sasa unaolewa ili iweje?"

"Nataka unilaumu ukiwa nyumbani."



"Bado nina hasira, Lorene. Usije ukafikiri zimeisha."

"Njoo nazo."

"Njoo unichukue wewe. Na upitie nyama choma ya kondoo. Huyu ananilisha maboga tangu nifike."

"Nakusikia, Dwight!" Arlene alifoka kutoka jikoni.

Walioana Ijumaa, ofisini kwa karani wa kaunti. Dwight alimpapasa uso Lorene taratibu kabla ya kusema ndiyo. Wakiwa bado ngazini, ujumbe wa Tessa ukaingia:

"Hongereni. Mama, nimeacha chuo cha uuguzi. Nimepata kazi dukani. Usilie leo."

Lorene hakumsomea Dwight ujumbe ule mpaka walipofika nyumbani.

Basi gharama ya yote hayo ni hii. Pensheni ilikatwa. Tessa hakuwa muuguzi. Kesi ya Dwight bado iko mahakamani, ya Lorene imekufa. Mguu mmoja. Macho mawili. Na miaka tisa ambayo wangeweza kuoana siku yoyote.