Aliyejiunga na Ruta ya Chumba cha Nyuma

Chombo cha nne ndicho kilichomtia wasiwasi. Nyumba nzima ilikuwa na simu mbili, yake na ya mama yake, na televisheni moja ya sebuleni. Hivyo ni vitatu. Lakini orodha ya vyombo vilivyojiunga na mtandao, aliyoifungua tu kuhakikisha kazi yake imekaa sawa, ilionyesha vinne, na hicho cha nne hakikuwa na jina.

Mtaani walimwita Fundi, kwa sababu cherehani yake ilikuwa hailali. Kufunga ruta ya pili hakukuwa kazi yake, ila alijiambia kwamba mtu anayeweza kutia zipu kwenye gauni la harusi hashindwi na waya wenye ncha mbili. Ruta ya kwanza ilikaa sebuleni, na kuta za nyumba ile zilikuwa nene. Mtandao ukifika koridoni unakata roho. Mama yake alikuwa chumba cha nyuma, kitandani tangu alipovunjika nyonga, na alichokitaka duniani ni kimoja: kumwona Kitinda, mwanawe wa mwisho, aliyekwenda kufanya kazi nchi ya mbali.

Mtaalamu wa mitandao alimwelekeza kwa simu. "Ipe jina lile lile na paswedi ile ile, dada. Simu itahama yenyewe kutoka mbele kwenda nyuma, haitapiga hodi."

Basi akavuta waya koridoni, akatoboa ukuta kwa dreli ya kuazima, akaiweka ruta ya pili juu ya kabati la mama. Vitaa vikawaka. Mama akapiga makofi kama mtoto.

"Ni jirani tu huyo," Fundi akajisemea, akiikodolea macho ile orodha. Wa kushoto, asiyenunua hata kiberiti chake mwenyewe. Akabadilisha paswedi, akacheka peke yake.

Kesho yake saa kumi alasiri chombo kile kikarudi. Alama zake za nguvu ya mtandao zilijaa zote, kushinda hata za simu ya mama, iliyokuwa hatua nne tu kutoka kabatini. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyejiunga hakuwa kwa jirani. Alikuwa chumbani.

Saa hiyo hiyo akamsikia mama anacheka.

Akanyata hadi mlangoni. Mama amelala kiubavu, ameelekea ukuta, simu ameiegemeza kwenye mto wa kulalia. "Wewe Kitinda una vituko!" anasema. Na sauti ya kiume ikamjibu, ya mdogo wake hasa, pamoja na kile kikohozi chake cha kabla ya kusema uongo. Fundi akaona aibu kwa moyo wake wa shaka. Ila chumba kilinuka udongo uliomwagiwa maji, na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima.

Akamwandikia mdogo wake: Asante kwa kumpigia mama.

Jibu likaja baada ya saa nzima. Dada, usinisimange. Najua miezi mitano sijampigia.

Kwanza alidhani anadanganya, kama kawaida yake. Kisha akaanza kumchunguza mama. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Mikono ya mama ilikuwa ya baridi mchana kweupe. Jumatano akaomba nguo zake zipangwe begini.

"Ijumaa Kitinda anakuja kunichukua."

"Na hiyo nyonga, mama?"

"Kasema nitatembea."

Alhamisi, kicheko kilipoanza, Fundi aliingia bila kubisha, akaenda moja kwa moja kabatini, akang'oa waya wa umeme, vitaa vya ruta vikazimika vyote, na alipogeuka akitegemea kukuta mazungumzo yamekatika aliiona simu ya mama kwenye mto, kioo cheusi, imekwisha chaji tangu lini hajui, na mama bado anacheka, na sauti ya mdogo wake bado inasema, kwa upole, kutoka pale katikati ya kitanda na ukuta ambapo hata paka hapenyi: "Mama, nani huyo kaingia?"

"Dada yako," mama akajibu.

Jua halijazama, Fundi alikuwa amekwisha kumleta bibi mtoa majini, mwanamke mfupi wa maneno machache, ambaye hata yeye Fundi alimtilia shaka, maana siku hizo Fundi alimshuku hata aliyemsalimia. Bibi alisimama chumbani kidogo tu, akanusa, akamvuta koridoni.

"Usiulaumu waya," akanong'ona. "Huyu alikuwa anapita zake. Akasikia mtu anamwita mwana asiyeitika, akaitika yeye."

"Mtoe basi, bibi. Kesho anamchukua mama yangu!"

"Simuwezi. Aliyemkaribisha ndiye wa kumfukuza. Mama yako amwambie mara tatu: Sikukuzaa mimi. Leo hii, kabla haijafika kesho."

Fundi akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, yule si Kitinda."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimemzaa mwenyewe, nitakosaje kumjua? Kitinda hajaniuliza nimeamkaje. Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu. Huyu ananiuliza kila siku."

"Na mimi, mama?" Fundi akalia, hasira na huruma zote pamoja. "Mimi ninayekuogesha, ninayekugeuza usiku, sikuulizi?"

Mama akageuza macho ukutani. "Haya. Nitasema."

Ili kumtia nguvu, Fundi akairudishia ruta umeme na kumpigia mdogo wake kwa video, kwa simu yake mwenyewe, akamfokea mpaka akaiweka kando kazi aliyokuwa akiifanya. Akamshikia mama simu. Uso wa Kitinda ulijaa kiooni, umekonda, machozi yanamtoka.

"Mama, nisamehe. Nitakuwa napiga kila siku, naapa."

Mama aliutazama uso ule bila kupepesa.

"Miezi mitano," akasema. "Sikukuzaa mimi."

"Siye huyo!" bibi akaruka pale mlangoni. "Mwambie wa ukutani!"

"Sikukuzaa mimi."

"Mama!" Kitinda akalia kutoka huko aliko. Fundi akataka kuivuta simu, lakini vidole vya mama vilikuwa vimeukamata mkono wake, vya baridi, vyenye nguvu asizokuwa nazo hata alipokuwa mzima.

"Sikukuzaa mimi."

Picha ikakatika. Bibi mtoa majini hakuaga. Viatu vyake vilisikika koridoni, halafu uani, halafu havikusikika tena. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani mpaka Fundi akaihisi kooni. Mama akaulaza mkono wake wa pili kwenye ule upenyo kati ya kitanda na ukuta, na Fundi akaona, kwa macho yake, ngozi ya mkono ule ikibonyea kama inashikwa.

"Nimesema, baba," mama akanong'ona. "Umeridhika?"

"Amebaki dada," sauti ikajibu, ikakohoa kidogo. "Mwambie na yeye."

Mama akageuza uso polepole, akamtazama Fundi machoni, akafungua mdomo.