Fundi Aliyekunywa Maji ya Kwanza

Jirani yetu mmoja, muuza mitishamba ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mizizi, alikuwa na kibanda kisafi chenye benchi moja, mizani na mitungi ya magome. Asubuhi moja shoga yake, fundi cherehani wa duka la pili, aliingia akijikokota, magoti yamemvimba.

"Nipe kile kichaka chako cha mlimani," alisema, kisha akawageukia wateja. "Ingawa dawa zake nyingi ni kuni tu za kuchemshia chai."

Watu wakacheka. Mama Mizizi naye akacheka, ila neno lile akaliweka moyoni.

Kichaka chenyewe ni adimu, huota kwenye miamba ya juu ambako hata mbuzi hawafiki. Shangazi yake, aliyemrithisha kazi, alimfunza hivi: kipande cha mzizi kisizidi ukucha. Chemsha, mwaga. Chemsha tena, mwaga. Maji ya tatu ndiyo dawa. Ya kwanza ni sumu. Na mwenye moyo dhaifu asionje kabisa.

"Moyo wako vipi, shoga?"

"Hunidunda nikipanda ngazi. Si uzee huo."

Hapo ndipo alipopaswa kusema hapana. Badala yake alikata kipande kirefu kama kidole. "Chemsha, unywe," akasema. Basi. Alitaka akione cha mtema kuni, atapike kidogo, adabu imrudie.

Kesho yake fundi hakuamka.

Msibani, Mama Mizizi aliosha vyombo kuliko wote. Mume wa marehemu akamshika mkono. "Wewe ndiye uliyekuwa ndugu yake," akamwambia. Yeye akainama, akajibu kwamba siku za marehemu zilikuwa zimefika. Aibu ilimchoma uso kama mvuke wa sufuria, lakini akarudi kwenye vyombo.

Siku ya tisa, adhuhuri, alikuwa peke yake kibandani akipima magome. Nyuma yake benchi likalia, kama linavyolia mtu akilikalia.

Hakugeuka.

"Shoga," sauti ikanong'ona. "Maji ya ngapi?"

Akaongeza gome jingine kwenye mizani.

"Hukuniambia, shoga. Maji ya ngapi?"

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Lakini ubao wa benchi ulikuwa umebonyea katikati. Kisha ukanyooka. Polepole.

Hakufunga hata mlango. Alikwenda moja kwa moja kwa mume wa fundi, akapiga magoti, akamweleza yote: kile kicheko, kile kipande, na uongo wake wa msibani. Mzee hakupandisha sauti.

"Najua," alisema. "Aliniambia. Akanikataza kukusema. Alitaka uje mwenyewe."

"Alikwambia kabla hajafa?"

"Juzi mchana. Alikaa hapo ulipopiga magoti."

Mama Mizizi aliacha kazi. Dawa zote alizifukia, kibanda akakirudisha kwa aliyempangisha, na hadi leo huzunguka njia ya mbali asipite pale. Hakuna aliyemshtaki, mzee alinyamaza. Hilo ndilo linalomtafuna zaidi, kusalimiwa na watu kwa heshima.

Wapangaji watatu wamekwishakihama kibanda kile, wa mwisho akiwa kinyozi. Anasema sakafuni, pale lilipokuwa benchi, palikuwa na alama ya maji, duara, kama ya kitako cha kikombe. Aliipangusa kila siku. Kila adhuhuri ilirudi.

Siku aliyohama aliigusa kwa kidole. Ilikuwa ya moto.