Nyumba Inayopumua

Kila Jumapili asubuhi, kabla wapangaji wengine hawajaamka, Shufaa alitoka na ndoo kwenda kukinga maji kwenye bomba la uani. Nyumba yao pale Bertrams, mtaa wa Johannesburg, ilikuwa na vyumba vinane na choo kimoja, na aliyechelewa kuamka alisimama foleni akiwa amebana miguu. Shufaa, msichana wa miaka kumi na miwili, hakuwahi kuchelewa.

Jumapili hiyo ya mwezi wa Julai, katikati ya majira ya baridi ya kule, alikuta maji yaliyobaki kwenye ndoo yameshika barafu. Aliporudi chumbani, bibi yake, Bi Mwatumu, alikuwa ameketi kitandani na kanga tatu, sweta mbili na soksi za mchezaji mpira. Alikuwa amefika kutoka Tanga wiki tatu zilizopita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Hivi mji wenu huu umejengwa ndani ya friji?"

Shufaa alicheka. Bibi alimwita mke mwenza tangu siku ya kwanza, kama bibi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

Mama yake, Saida, alikuwa akifunga mzigo wa vitenge vya kwenda kuuza Randburg. Shufaa alimsindikiza hadi getini. Hapo mama aligeuka, akamshika bega.

"Umeme umekatika tangu jana. Bibi akitaka kuota moto, mbaula iwashwe uani, na ibaki uani. Ndani isiingie hata kidogo. Bibi hazijui nyumba za huku. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Mbaula ilikuwa debe kuukuu lililotobolewa matundu na kujazwa makaa. Nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa nayo, hasa umeme ulipokatika.

Siku hiyo Shufaa alikuwa na kazi. Mwalimu alikuwa amewaambia wanafunzi watengeneze mfano wa nyumba ya kwanza ambayo watu wa ukoo wao walijenga walipohamia mahali papya. Kazi ilitakiwa Jumatatu. Shufaa alikuwa amekusanya vijiti, majani makavu na udongo wa uani, lakini nyumba yenyewe hajawahi kuiona. Alizaliwa Johannesburg.

"Nieleze tena, Bibi. Ilikuwaje?"

"Babu yangu, Mzee Karimu, ndiye aliyeanza kufyeka msitu pale kijijini," alisema Bibi. "Joto la kule si mchezo, na unyevu nao haukubali. Unaanika nguo asubuhi, jioni bado mbichi. Basi akajenga kwa kuufuata upepo. Paa la makuti akalipandisha juu, halafu likashuka mpaka likafunika baraza, ili jua na mvua visipige ukuta. Mlango wa mbele ukatazamana na wa nyuma, katikati ukumbi, upepo uingie huku utokee kule. Na ukuta hakuufikisha kwenye paa. Aliacha mwanya wa kupitisha kichwa cha mtu."

"Eish! Wezi je?"

"Wangeiba nini, joto?" Bibi alinyoosha kidole. "Wewe umeuziba mwanya. Fungua hapo. Sisi usiku wa mvua tuliweka jiko la makaa chumbani, tukalala, na hakuna aliyekohoa. Nyumba ile ilikuwa inapumua."

Shufaa aliufungua mwanya, akaendelea kukandika udongo. Lakini udongo haukukauka. Kufika saa nane mchana kuta zilikuwa bado zinateleza, na upande mmoja ulianza kumomonyoka. Kwenye baridi ile, hata kesho kutwa zisingekauka.

Uani mbaula waliyoiwasha ili Bibi aote moto ilikuwa ikiwaka. Shufaa aliitazama mara ya kwanza, akajikaza. Mara ya pili hakujikaza.

"Bibi, tuilete mbaula ndani kidogo, udongo ukauke."

"Mama yako amekubali?"

"Amekubali," alisema Shufaa haraka. "Amesema moshi ukiisha tu, haina shida."

"Hapo kasema kweli. Makaa yakishakuwa mekundu hayana neno." Ndivyo Bibi alivyojua tangu utotoni, na kwa nyumba ya Mzee Karimu hakuwa amekosea sana.

Lakini chumba cha Bertrams hakikuwa nyumba ya Mzee Karimu. Dirisha lilikuwa limefungwa na kuzibwa kwa maboksi na gundi ya karatasi. Chini ya mlango kulikuwa na tambara. Dari ilikuwa chini, haina hata tundu la kupitisha sisimizi. Shufaa aliingiza mbaula, akafunga mlango, akarudisha tambara mahali pake.

Chumba kilipata joto la kupendeza. Udongo ulianza kubadilika rangi. Baada ya muda Bibi alijishika paji la uso.

"Kichwa kinanigonga. Labda ni presha. Ngoja nijinyooshe."

Shufaa naye alihisi kichefuchefu, akadhani ni njaa. Alitoka kwenda bombani kunawa mikono. Huko miguu ikamlegea, ikabidi aushike ukuta. Alipovuta hewa ya baridi mara kadhaa, kichwa kikaanza kumtulia, na hapo ndipo akaelewa kuwa ni ile mbaula. Alikimbia ndani.

"Bibi! Bibi, amka!"

Bi Mwatumu hakujibu. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, na mkono ulikuwa umeanguka pembeni ya kitanda.

Hapo Shufaa alifanya jambo ambalo hatalisahau. Kabla ya kuita mtu, alichukua tambara, akaibeba mbaula, akaenda kuificha nyuma ya choo. Akabandua maboksi, akafungua dirisha. Kisha ndipo alipopiga kelele. Hayo yote yalichukua dakika chache tu, lakini Bibi alikuwa akizihitaji dakika zile.

Mama Héritière, msusi kutoka Bukavu aliyepanga chumba cha jirani, alikuja mbio na kitana kichwani.

"Mungu wangu! Bibi iko na nini? Gustave! Washa gari! Tumutoshe inje, mbiyo!"

Mumewe, Gustave, aliwasaidia kumbeba. Kwenye gari Mama Héritière alimpigia Saida simu, akamwambia aje wakutane hospitali. Shufaa alikaa nyuma, kichwa cha Bibi mapajani mwake. Kila robot nyekundu, yaani taa ya barabarani, waliyokutana nayo aliona haitabadilika.

Hospitalini, muuguzi mmoja mnene mwenye sauti ya upole alianza kuuliza kwa Kizulu. Mama Héritière alitikisa kichwa.

"Kizulu yangu ni ya nywele tu, mutoto. Mimi najua tu kuuliza musuko gani na kuambia mutoto asilie. Wewe mutafsirie."

Kwa hiyo maswali yote yalipitia mdomoni mwa Shufaa. Bibi ana miaka mingapi? Sabini na mbili. Anatumia dawa? Ndiyo, za presha. Ameanguka? Hapana.

Muuguzi akauliza tena, akimtazama Shufaa usoni: kulikuwa na moto ndani, mbaula au makaa?

"Anasema nini?" aliuliza Mama Héritière.

"Anauliza… anauliza kama Bibi amekula," alisema Shufaa.

"Amekula uji asubuhi. Nilimuona."

Shufaa alimgeukia muuguzi, akamwambia kwa Kizulu, "Hapana. Hakukuwa na moto."

Muuguzi aliandika. Akamwambia mwenzake alete mashine ya kupima presha, maana huenda bibi huyu amepata kiharusi. Shufaa alisikia kila neno. Alimtazama Bibi aliyelazwa na soksi zake za mpira, amenyamaza, yeye ambaye hajawahi kunyamaza kwa dakika tano. Wangemtibu ugonjwa asio nao. Na katika chumba kile chote ni mtu mmoja tu aliyelijua hilo.

"Sista!" alilia. "Nimesema uongo. Mbaula ilikuwa ndani. Dirisha lilikuwa limezibwa. Niliiingiza mimi."

Muuguzi hakumkaripia. Aliuliza swali moja tu: kwa muda gani? Shufaa alipojibu, alitoka mbio, na punde wakamvika Bibi kifuniko cha hewa ya oksijeni puani na mdomoni. Shufaa mwenyewe naye alivikwa chake. Kisha alimweleza Mama Héritière yote kwa Kiswahili, pamoja na swali alilolipotosha. Mama Héritière alimshika mkono.

Bibi alifungua macho jioni, Saida akiwa amekwisha kufika. Shufaa alirudia maneno yale yale mbele yao, machozi yakimtiririka. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuambia isiingie," alisema Saida polepole. "Makaa mekundu hayatoi moshi unaouona, lakini yanatoa sumu usiyoiona wala kuinusa. Pasipo pa kutokea, inaua. Nilikueleza wewe tu, sikumweleza mama yangu. Kosa hilo ni langu. La uongo ni lako."

Bibi alisogeza kifuniko kidogo. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Na langu je? Nimehama na nyumba ya babu kichwani, nikadhani kila nyumba ina mwanya juu ya ukuta. Mzee Karimu alipofika mahali papya aliutazama upepo kwanza, ndipo akajenga. Mimi nimefika hapa sikuuliza hata wenyeji wanaishije na baridi yao." Alipumzika, akamshika Shufaa kidole. "Lakini sikiliza. Makaa yalinilaza tu. Uongo wako ndio uliotaka kunizika. Ukikosea, piga kelele kwanza, aibu utaiona baadaye. Aibu haijamuua mtu."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe, mke mwenzangu. Sasa niite yule sista. Nina maswali, na safari hii tafsiri kila neno."