Ukurasa wa Sita Mahali pa wa Tatu

Kila siku alipotoka shuleni, Chiriku hakupitia nyumbani. Alinyoosha moja kwa moja hadi kwenye duka la uchapaji la shangazi yake, akasukuma mkoba chini ya meza, akanawa mikono, maana shangazi hakutaka alama za vidole kwenye karatasi nyeupe, kisha akaanza kuongea. Shangazi huyohuyo ndiye aliyempa jina la Chiriku, kwa sababu mdomo wa mtoto huyu haukujua likizo. Aliongea akihesabu bahasha, aliongea akifagia, na printa ilipounguruma alipaza sauti ili isimshinde.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chembamba. Kushoto palikuwa na kompyuta na printa, kulia mashine ya kukatia karatasi, ambayo Chiriku alikatazwa kabisa kuigusa, na katikati meza ndefu ya kukunjia. Shangazi alichapa kadi za mialiko, risiti, vipeperushi na vijitabu. Chiriku alipenda kuliko vyote ile programu ya kupangia kurasa. Ulivuta picha kwa kipanya ukaiweka unapotaka, na maneno yakajisogeza yenyewe kuipisha. Alipoketi mbele ya skrini ile alijiona mtu mzima hasa, na kitu alichokiogopa kuliko vyote duniani ni siku ambayo shangazi angemwambia, "Basi, usiiguse tena."

Alasiri ile kulikuwa na kazi ya nesi. Nesi wa zahanati alikuwa ametunga kijitabu kwa ajili ya akina mama, kuhusu mtoto aliyeungua kwa moto au kwa maji yanayochemka.

"Wananiletea watoto wamepakwa dawa ya meno, wamepakwa mafuta, wamepakwa unga," alimweleza shangazi siku alipoleta kazi yake. "Roho inaniuma, dada yangu. Jambo la kwanza ni maji safi ya baridi tu, basi! Lakini nani amewaambia?"

Vijitabu hivyo angeondoka navyo jioni hiyohiyo kuvigawa kwenye zahanati za mbali. Chiriku ndiye aliyeyaandika maneno yote kwenye kompyuta, na picha ya bomba la maji aliichagua yeye. Darasani alikwisha kuwachosha wenzake kwa kuwasimulia.

Kilikuwa kijitabu cha kurasa nane: karatasi mbili zilizochapwa pande zote mbili, zikawekwa moja ndani ya nyingine, zikakunjwa katikati na kubanwa kwa pini.

"Kurasa nimeshazipanga, usizisogeze," shangazi alisema. "Wewe chapa nakala moja kwanza. Ikunje, uifungue, usome ukurasa baada ya ukurasa kama mteja mwenye kisirani. Ukiona kila kitu kimekaa mahali pake, ndipo uchape zilizobaki. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi!" Alikuwa ameshaketi.

Shangazi akaenda kwenye mashine yake ya kukatia, ambako mteja wa kadi za harusi alikuwa amesimama akitazama saa kila baada ya kupumua. Chiriku akaanza kukagua kwenye skrini. Karatasi ya kwanza, upande wa nje: ukurasa wa nane kushoto, wa kwanza kulia. Hilo alilijua, ni jalada, mgongo na uso. Upande wa ndani: wa pili na wa saba. Sawa. Karatasi ya pili, upande wa ndani: wa nne na wa tano. Sawa kabisa. Akafungua upande wake wa nje. Macho yakamtoka. Kushoto palikuwa na ukurasa wa sita, na kulia palikuwa na wa tatu!

"Masikini Shangazi, amechoka," Chiriku alijisemea. "Tangu lini sita ikatangulia tatu?"

Akaushika ukurasa wa tatu kwa kipanya, akauvuta kushoto. Wa sita akauvuta kulia. Ilimchukua muda wa kupiga chafya tu. Moyo wake ulijaa furaha. Aliona amemwokoa shangazi yake na aibu kubwa, na alipanga kumwambia baadaye, kazi ikishaisha, ili asifiwe vizuri. Kuhusu ile nakala ya kwanza ya kukunja na kusoma, hakuona haja. Mtu aliyegundua kosa la fundi anahitaji kukaguliwa na nani? Akabonyeza, printa ikaanza kutapika karatasi.

"Chiriku!" shangazi aliita bila kugeuka. "Umekunja nakala ya kwanza?"

"Nimekunja, Shangazi."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma. Iko safi."

Uongo mtupu, tena ulitoka kwa ulaini kama mate. Chiriku alikunja, akabana pini, akapanga vijitabu kwenye boksi huku akiimba. Macho yake yaliangalia jalada tu, kama limenyooka. Nesi alifika akihema, akachukua kijitabu cha juu, akalibusu jalada lake, akashukuru mara nyingi na kuondoka na boksi lake kwenda kituo cha magari.

Baada ya nesi kwenda, kilibaki kijitabu kimoja ambacho pini yake ilikuwa imepinda. Chiriku akatoka nacho barazani. Mama mmoja, fundi cherehani wa duka la pili, alikuwa ameketi nje akishona vifungo, mwanawe mdogo akitambaa na kuvutavuta uzi.

"Ndicho hicho kitabu chako?" fundi aliuliza. "Hebu nisomee, mwanangu. Huyu wangu akiona jiko ni kama ameitwa. Siku moja atanitia wazimu."

Chiriku akakifungua kwa mbwembwe. Akasoma ukurasa wa pili, ulioishia na maneno haya: "Mtoto akiungua, fanya yafuatayo mara moja, kabla ya jambo jingine lolote." Akahamia ukurasa wa kulia. "Pawe pakavu. Usitie maji hata kidogo."

"Ala! Kumbe nisitie maji?" fundi alishangaa. "Ningemwagia ndoo nzima, mimi. Asante sana, nesi yule Mungu ambariki. Sitasahau."

Chiriku aliurudia mstari ule kwa macho. Maneno yale aliyajua, aliyaandika mwenyewe. Yalikuwa ya kidonda kilichokwisha kutibiwa na kufungwa bandeji. Akatazama chini ya ukurasa, akaona namba sita. Akafunua mbele. Baada ya ukurasa wa tano palikuwa na namba tatu, na picha yake ya bomba, na maneno, "Mwagilia maji safi ya baridi yanayotiririka."

Boksi zima lilikuwa limeondoka hivyo. Akawaza haraka haraka: nani atajua? Labda wataona namba. Labda watadhani ni printa. Akisema, kompyuta atairudia lini? Akamtazama mtoto wa fundi, ambaye sasa alikuwa amekalia uzi wote na kucheka. Mama yake alikuwa ameshajifunza jambo la kumwumiza, na amelijifunza kutoka kwa Chiriku.

"Mama, usisahau... yaani, usahau!" alisema, ulimi ukimgonga. "Si hivyo! Maji kwanza. Maji mengi ya baridi! Kitabu kimekosewa, nimekikosea mimi."

Akakimbia ndani kabla ujasiri haujamwisha. Alimwambia shangazi yote kwa pumzi moja: kurasa alizosogeza, nakala ambayo hakuikunja, jibu la uongo alilotoa. Shangazi aliweka chini kadi alizozishika. Akachukua simu.

"Nesi, uko wapi? Gari limeondoka? Shuka, tafadhali. Shuka na boksi. Nitakueleza."

Nesi alirudi uso umemkunjamana. "Nilishapata kiti cha dirishani!" alilalamika mlangoni. "Kuna nini?"

"Vijitabu vina kosa," shangazi alisema. "Vimetoka dukani kwangu, kwa hiyo kosa ni langu. Nisamehe."

"Si lake," Chiriku alidakia, machozi yakimlengalenga. "Alinikataza kusogeza kurasa, nikasogeza. Akaniuliza kama nimesoma, nikamdanganya. Nisamehe mimi, nesi."

Nesi alikifungua kijitabu, akasoma, akashika kinywa. Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja. "Haya," alisema taratibu. "Gari la mwisho bado. Tunafanyaje?"

Shangazi akampa Chiriku karatasi mbili tupu. "Zikunje, moja iingie ndani ya nyingine. Halafu andika namba kwenye kila ukurasa, moja mpaka nane, kama unavyosoma."

Chiriku akaandika. Alipozitenganisha na kuikunjua karatasi ya ndani, akaona kwa macho yake: upande mmoja nne na tano, na upande wa pili sita kushoto, tatu kulia. Ilikuwa vilevile alivyopanga shangazi. Kwenye skrini zilionekana zimepinduka, lakini karatasi ikikunjwa kila ukurasa unarudi kwao.

"Kumbe!" alisema kwa sauti ndogo.

"Kumbe," shangazi aliitikia.

Kwa bahati karatasi ya nje ilikuwa salama. Chiriku akazirudisha kurasa mahali pake, akachapa nakala moja ya ile ya ndani, akaikunja ndani ya jalada, akaisoma yote kwa sauti mbele ya watu wazima watatu, maana fundi naye alikwisha kuja na mtoto wake na mkasi wake mdogo. Ndipo wakaanza. Fundi na nesi waling'oa pini, shangazi akaingiza karatasi mpya, Chiriku akabana. Karatasi mbovu zilichanwachanwa zote, isibaki hata moja ya kumpotosha mtu. Nesi alianza kununa, akaishia kuwachekesha kwa habari za wagonjwa wanaoogopa sindano kuliko simba.

Alipolibeba boksi lake kwa mara ya pili, alimshika Chiriku begani. "Nimekasirika, sitakuficha," alisema. "Lakini ungenyamaza, leo hii ningekuwa nakwenda kuwaumiza watoto wa watu kwa mikono yangu mwenyewe. Asante kwa kukimbia."

Nesi alipotoka, Chiriku aliuliza akitazama sakafu, "Shangazi, ndiyo sitaigusa tena kompyuta?"

Shangazi alivuta kiti. "Sikiliza, mwanangu. Kudhani nimekosea si dhambi, na siku nyingine huenda nikakosea kweli. Ungekuja ukaniuliza, tungecheka. Na mimi nilipaswa kukifungua kijitabu kimoja kabla hakijatoka mlangoni, nami nimejifunza. Ila jambo moja lishike sana. Ninapokuuliza umefanya, siulizi ili nikusifu. Nauliza kwa sababu nitaliegemea jibu lako. Nesi ameliegemea jibu lako. Fundi ameliegemea na mtoto wake. Ukisema 'bado', hakuna anayeanguka. Ukisema 'ndiyo' ya uongo, tunaanguka wote nayo. Kompyuta utaigusa kesho. Sasa niambie, umefagia zile pini chini? Mtoto wa fundi anatambaa hapa."

Chiriku alifungua mdomo. "Ndi..." Akaufunga.

"Bado, Shangazi," alisema, akaenda kuchukua ufagio.