Maji Yana Wenyewe

Asubuhi ile Sumaiya, jirani yetu wa Michenzani, alikunywa chai yake kwa mkate wa ufuta kama kawaida, akatia kamba na futi ya kupimia maji garini, akampitia mwenzake wa kazi, Himid, nyumbani kwake Kiembe Samaki. Kazi yao ilikuwa kupima maji ya visimani na mapangoni. Visima vya pwani vilikuwa vimeanza kuingia chumvi kwa kuvutwa maji kupita kiasi, na wakubwa wao walitaka kujua kama pango moja nje kidogo ya Jozani, ambalo maji yake yalikuwa bado matamu, lingeweza kutiwa pampu.

Mdomoni mwa pango walimkuta Bi Sichana, mama mtu mzima anayelitunza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Pimeni, lakini jua likifika utosini msiwemo. Saa hiyo maji yana wenyewe."

Sumaiya aliitikia kwa adabu. Himid alicheka.

Walipima, wakatoka. Lakini kipimo hakikumridhisha Himid, akataka kurudia. Alijifunga kamba kiunoni, akateremka peke yake na taa mkononi. Sumaiya alibaki juu ameshika ncha ya pili. Adhana ya adhuhuri ikasikika kwa mbali. Ndege wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Himid!" aliita.

"Naam!" sauti ilijibu kutoka chini.

Kikapita kitambo. Kisha ikajibu tena, na hakuna aliyeita.

"Naam."

Halafu mara nyingine, karibu zaidi. Taratibu. Kama mtu anayejifunza kulisema neno lile.

"Naam."

Kamba ikakaza ghafla. Sumaiya akavuta. Bi Sichana akaja mbio, wakavuta wote wawili. Himid akatokeza kwa magoti, midomo imemkauka, taa hana. Bi Sichana alimtazama mara moja tu, akarudi nyuma.

Himid alimshika Sumaiya mkono, akamnong'oneza.

"Mle mna mtu. Kakaa ndani ya maji. Ana uso wangu."

"Kakwambia nini?"

"Kaniuliza nnakaa wapi."

"Ukamjibu?"

Himid akainamisha kichwa.

Sumaiya aliendesha gari mpaka Kiembe Samaki bila ya kusimama. Njia nzima Himid alisoma sura alizozijua, sauti inamkatika. Jua la mchana lilikuwa linawaka, watoto wanacheza mpira uwanjani, na Sumaiya kidogo alianza kupata moyo.

Mke wa Himid, Tahiya, aliwafungulia mlango. Alimwona mumewe. Taulo aliyoishika ikamdondoka.

"Subhanallah," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu nani?"

"Mimi, Tahiya. Mimi."

"Himid karudi kitambo," Tahiya alinong'ona. "Yumo chooni. Anaoga."

Wakasikiliza. Maji yalikuwa yanamwagika kweli. Na mfereji wa nyumba ile haukuwa umetoa hata tone tangu wiki iliyopita.

Sumaiya akabisha mlango wa choo. Maji yakakatika.

Wakangoja.

Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Himid akaupiga bega, ukafunguka. Hamkuwa na mtu. Dirisha la mle halipitishi hata paka. Sakafu ilikuwa kavu. Katikati ilisimama ndoo, imejaa mpaka ukingoni, na maji yake yalikuwa bado yanatikisika.

Sumaiya akachungulia. Mlikuwa na vidudu vya pangoni, mfano wa uduvi, vyeupe kama kucha, vingi. Havina macho. Mahali pa macho ngozi imefunika, laini.

Vyote vilikuwa vimetulia, vichwa vimeelekea upande mmoja. Upande aliosimama Himid.

Himid akasogea upande wa pili wa mlango, polepole, bila ya kuvuta pumzi.

Navyo vikageuka.