Mikono Iliyongoja Maji

Bwana Arkesilas alikutwa alfajiri amekufa ndani ya beseni lake la kuogea, upanga umempita kifuani. Mlangoni palikuwa na matambara ya Skopas, ombaomba aliyefika juzi, yamelowa damu. Nani angetafuta zaidi? Theoklos, ndugu wa marehemu, alitaka ombaomba atupwe kutoka jabalini kabla jua halijazama.

Kalesias, mpiga mbiu wa nyumba ile, hakutulia. Yeye ndiye aliyempokea Skopas kwa jina la Zeus, mungu mlinzi wa wageni, akamwapia kwamba hatadhurika. Mgeni huyo akiuawa, kiapo chake nacho kitakuwa kimekufa. Aliuzunguka ua, akarudi, akauzunguka tena, na huko nje watu walikwisha kuanza kuokota mawe.

Skopas, amejifunika gunia, alidai alilala uchi kwa mhunzi tangu jana jioni, kwenye joto la majivu, matambara yaliyolowa mvua ameyaanika ukutani, na alipoamka hakuyakuta. Mhunzi alikiri kumwona akiingia, ila usingizi ulimchukua, hawezi kuapa.

Kalesias akawauliza watumishi nani alimwona ombaomba ndani jana jioni. Mirtale, kijakazi wa maji, alimwona. Ombaomba huyo alikuwa kajitanda uso mzima, akisema kwa sauti ya kukwaruza kwamba bwana kamwita.

"Nilikuwa na birika. Akaninyooshea mikono nikammiminia, akapita zake."

"Alinyoosha, akangoja?"

"Akangoja. Nikasema moyoni, masikini huyu ubwana kajifunzia wapi?"

Kalesias akawaita wote ukumbini, akaagiza mkate na nyama, na Mirtale apitishe maji. Skopas hakungoja birika. Alitumbukiza mikono yote miwili katika beseni la kunawia, akajisugua kama anayefua, watu wakacheka. Theoklos alinyoosha yake juu ya beseni, akatulia, akangoja. Kicheko kikakatika.

"Humu ndani tunaomiminiwa maji ni watatu," Kalesias alisema. "Mmoja amekufa. Mimi jana jioni nilikuwa bandarini, na mabaharia ni mashahidi. Amebaki nani, bwana?"

Theoklos alitazama mikono yake iliyolowa. Hakukana. Alisema kura za urithi wa baba yao zilichezewa: Arkesilas akapata mizabibu, yeye akaachiwa majabali ya mbuzi, na miaka yote hiyo akala meza moja naye akitabasamu.

"Waimbaji wanawasifu mashujaa waliovaa matambara wakaingia Troia," alisema. "Mimi nimekosa nini?"

"Wale waliingia kwa adui. Wewe uliingia kwa ndugu yako, kisha hatia yako ukamvika masikini."

Wazee wakamtoa nje. Kalesias akachukua birika mwenyewe, akamwambia Skopas anyooshe mikono. Skopas aliirudisha nyuma, maana tangu azaliwe hakuna aliyewahi kummiminia maji, naye aliogopa.

"Nyoosha, baba," Kalesias alimwambia. "Wewe ni mgeni wangu."

Akainyoosha. Kalesias akammiminia birika zima, na maji mengi yakamwagika sakafuni.